Mkoa mpya: madiwani wasinyooshe mikono kabla ya kuona hesabu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na madiwani, wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa kamati za ushauri za wilaya na mikoa kuhusu jambo tulilolifanyia kazi kwa miaka mingi: kura ya kuomba mkoa mpya.

Hoja ya kugawa mikoa haijawahi kupoa nchini. Manyara ulizaliwa kutoka Arusha mwaka 2002. Machi 2012 ikaja minne kwa mpigo: Geita, Simiyu, Katavi na Njombe. Januari 2016 Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, Bara ikafikisha mikoa 26. Na bado yapo maeneo ambayo ukitazama ramani unaona hoja ina uzito. Tabora una zaidi ya kilomita za mraba 76,000 na watu 3,391,679 kwa sensa ya 2022. Morogoro una zaidi ya kilomita za mraba 70,000 na watu 3,197,104, na mkazi wa Malinyi anayefuata saini Morogoro mjini hana namna ya kurudi kulala kwake siku hiyohiyo.

Kwa hiyo hatuandiki kupinga ugawaji. Tunachopinga ni kura inayopigwa wakati hesabu hazijawekwa mezani. Mara nyingi hoja huingia barazani ikiwa na ukurasa mmoja na nusu: jina linalopendekezwa, makao makuu yanayopendekezwa, orodha ya wilaya, na sentensi ya kusogeza huduma karibu na wananchi. Mikono inanyooshwa, makofi yanapigwa, muhtasari unaandika "wajumbe wote waliridhia". Baadaye jalada linarudishwa kutoka TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, au mkoa unatangazwa kweli na miaka kumi inapita watu wakiuliza huduma ziko wapi.

Tuanze na mkoa wenyewe, maana hapa ndipo wananchi wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Mkoa wa Tanzania Bara hauna baraza la kuchaguliwa wala chanzo chake cha mapato. Tangu Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya 1997, ofisi ya mkoa ni sekretarieti inayosimamia, kushauri na kufuatilia halmashauri. Madarasa, zahanati na ushuru wa soko ni mambo ya halmashauri, na yataendelea kuwa ya halmashauri hata mkoa ukigawanywa mara tatu. Asije mtu akaufananisha na kaunti za Kenya au majimbo ya Kongo, ambayo yana mabunge yao na bajeti zao.

Matokeo yake ni haya. Mrabaha wa dhahabu ya Geita ulikuwa unaingia Hazina wakati mgodi uko Mkoa wa Mwanza, na unaingia Hazina leo. Ushuru wa huduma kutoka mgodini unalipwa halmashauri. Ushuru wa forodha pale Tunduma haukuhamia Vwawa Songwe ulipoanzishwa, unakwenda Mfuko Mkuu kama zamani. Wabunge nao hawaongezeki kwa sababu ya mkoa: majimbo hugawanywa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na mwaka 2025 Tume iliongeza majimbo 8 yakafika 272 bila mkoa hata mmoja mpya kutangazwa. Diwani anayewaambia watu kwamba mkoa mpya utawaachia mapato yao au kuwapa mbunge wa ziada, anawaambia kisichokuwemo kwenye sheria.

Kinacholetwa na mkoa mpya ni wasimamizi kuwa karibu. Kamanda wa Polisi wa Mkoa, meneja wa TANROADS na TARURA (barabara) na RUWASA (maji vijijini), TRA, TAKUKURU, Uhamiaji, ofisi ya ardhi ya mkoa, hospitali ya rufaa. Hilo si dogo. Lakini kila moja ina mlango wake wa bajeti. Hospitali za rufaa za mikoa zilihamishiwa Wizara ya Afya mwishoni mwa 2017, hivyo ahadi ya mkuu wa mkoa kuhusu hospitali haitoshi. Panatakiwa maandishi ya Wizara. Barabara za mkoa ziko TANROADS, za wilaya zimo TARURA tangu Julai 2017, na kutangazwa mkoa hakuhamishi barabara kutoka daraja moja kwenda jingine. Kupandisha hadhi ni maombi mengine kabisa. Kabrasha la hoja lionyeshe, taasisi kwa taasisi, nani amekubali kwa barua kufungua ofisi na nani hajajibu.

Njia ya maombi inajulikana. Ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa utaratibu uliowekwa na sheria, kwa hiyo kura za huku chini ni ushauri na hazimfungi. Ila bila kura hizo jalada halisogei. Linaanzia mkutano mkuu wa kijiji, linapanda kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, ndipo linakwenda TAMISEMI. Mkoa unaochota maeneo kutoka mikoa kadhaa unahitaji maazimio ya kila mkoa: Geita ulichukua Wilaya ya Geita kutoka Mwanza, Chato kutoka Kagera na Bukombe kutoka Shinyanga. Hapo ndipo orodha za kata zinapogongana. Muhtasari mmoja unataja kata fulani inatoka, mwingine hauitaji kabisa, na wahakiki wanarudisha vyote viwili. Dawa yake ni ramani moja na orodha moja ya kata, vijiji na vitongoji, iliyosainiwa na wakurugenzi wote wanaohusika, iambatishwe kwenye kila kikao bila kubadilishwa hata nukta.

Kiungo dhaifu kuliko vyote ni kijiji. Watu huulizwa, "Mnataka mkoa wetu?" Nani atajibu hapana? Swali halali linapaswa kusomwa na kuandikwa hivi: je, kijiji chetu kitoke mkoa huu na wilaya hii, kiingie mkoa mpya ambao makao makuu yake yatakuwa mahali fulani, kilomita kadhaa kutoka hapa? Kisha wahesabiwe waliokubali, waliokataa na wasiotaka kuamua, na namba zote tatu ziingie kwenye muhtasari. Karatasi ya mahudhurio iwe na ajenda juu ya kila ukurasa, jina, kitongoji, saini au dole gumba. Zipo karatasi za mahudhurio ya kikao cha mapato na matumizi zilizobanwa nyuma ya azimio la mkoa. Ipo mihtasari ya vijiji vizima vya kata moja yenye maneno yaleyale na makosa yaleyale ya tahajia, limebadilishwa jina la kijiji tu. Mhakiki mzoefu analiona hilo dakika ya kwanza, na hapo hata vijiji vilivyokaa kikao cha kweli vinapoteza imani yake.

Jedwali la umbali ndilo lingekuwa la kwanza mezani, na ndilo linalokosekana zaidi. Liwe na safu tano kwa kila makao makuu ya kata: kilomita hadi makao makuu ya sasa, kilomita hadi yanayopendekezwa, aina ya barabara, nauli ya basi ya leo, na miezi ambayo njia haipitiki. Umbali upimwe kwa barabara. Rula juu ya ramani inadanganya.

Chukua Mirerani, kwenye tanzanite, Wilaya ya Simanjiro. Kwa sheria ni Manyara, na makao makuu ni Babati. Anayetaka kwenda Babati kwa lami anatoka Mirerani kwenda barabara kuu ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), anaingia Arusha mjini, yaani makao makuu ya mkoa wake wa zamani, ndipo anaanza safari nyingine ya zaidi ya kilomita 160 kushuka Babati. Kwa mkazi huyo huduma za mkoa zilisogezwa mbali. Kwa wa Hanang na Mbulu zilisogea karibu sana. Kura moja, mkoa mmoja, hesabu tofauti kabisa, na ndiyo maana jumla ya mkoa mzima haitoshi kumwongoza diwani wa kata ya pembeni.

Au tazama Simiyu. Busega ilikuwa sehemu ya Magu, Mkoa wa Mwanza, iko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Kuifikisha Bariadi kulihitaji lami ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8. Upande wa pili Maswa nayo ilihitaji kilomita 49.7 hadi Bariadi, na jiwe la msingi la kipande hicho liliwekwa Septemba 2018, miaka sita baada ya mkoa kutangazwa. Makete, iliyotoka Iringa kuingia Njombe, nayo ilingoja lami ya Njombe hadi Makete, kilomita 107.4. Barabara hizi zilijengwa na tunashukuru. Lakini diwani aliyepiga kura alistahili kujua kwamba katikati ya kura yake na huduma iliyosogezwa kuna kilomita hizo zote za kutafutiwa fedha. Aandikiwe: barabara gani, urefu gani, usanifu umefanyika au bado, ipo kwenye mpango wa miaka mitano au haipo.

Mipaka inaonekana rahisi mpaka siku ya kuichora. Maelezo ya mpaka yanayochapishwa kwenye Tangazo la Serikali yanapaswa kufuata vipimo vya ardhini, na siyo kauli kama "hadi mtoni" au "hadi mlimani". Mto wa msimu huhama. Masika mbili tatu zikipita mkondo uko mita mia kadhaa kutoka ulipokuwa, na shamba lililokuwa mkoa huu liko mkoa ule, pamoja na mifugo, ushuru na kesi zake. Mpima ardhi aende na wazee na wenyeviti wa vijiji vya pande zote mbili, achukue nukta za GPS, wote wasaini, bikoni (nguzo za mpaka) zisimikwe kabla ya tangazo. Kusimika baadaye hugharimu zaidi, kwa sababu kila upande tayari una mkuu wa mkoa wa kumlalamikia.

Sasa mgawanyo wa mali na madeni, ambao hukaa ajenda ya mwisho saa kumi jioni, wajumbe wameshachoka. Mkoa mpya mara nyingi huja na wilaya na halmashauri mpya, na halmashauri ikigawanywa kila kitu chake lazima kiwe na mwenyewe. Rejesta ya mali inabidi ihuishwe kwanza: magari kwa namba za usajili, hali ya injini na kilomita zilizotembea, pikipiki za maofisa ugani, mitambo, nyumba za watumishi, viwanja ambavyo halmashauri inamiliki mjini, hisa kama zipo. Kosa la kawaida ni kugawa kwa idadi: magari kumi, matano huku, matano kule. Ukiyafungua, matano yanayotembea yamebaki makao makuu ya zamani na matano yaliyokwenda yako juu ya mawe. Igawiwe thamani iliyokadiriwa na fundi wa TEMESA (wakala wa Serikali wa ufundi na umeme), na orodha iambatishwe kwenye azimio.

Madeni ndiyo yanayoumiza watu. Likizo, uhamisho, matibabu, malimbikizo ya walimu, wazabuni waliopeleka dawati na chakula cha shule za bweni. Pasipo orodha ya majina na kiasi, kila halmashauri itamwambia mdai aende kwa mwenzake. Tunashauri tarehe moja ya kufunga hesabu, mkaguzi wa ndani ahakiki madai yote kufikia tarehe hiyo, na kila deni liandikwe jina la halmashauri itakayolilipa. Deni la mtumishi limfuate mtumishi. Deni la mzabuni libaki pale bidhaa zilipo. Lisiloangukia popote ligawanywe kwa uwiano wa mapato ya ndani ya miaka mitatu iliyopita, maana kugawa nusu kwa nusu huiua halmashauri changa. Watumishi nao: ikama (orodha ya nafasi za kazi na waliopo) ya pande zote mbili iwe kwenye kabrasha, na ioneshe wazi nafasi za mhandisi, mthamini, mpima ardhi, mwanasheria na daktari bingwa, kwa kuwa hao ndio wasiogawanyika. Mpima akiwa mmoja, upande mmoja utabaki bila mpima, na jibu la "tutaajiri" si jibu mpaka kuwe na kibali cha ajira.

Kuhusu fedha tutasema kidogo. Kila mkoa una fungu lake kwenye bajeti ya taifa, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mkoa unaotangazwa katikati ya mwaka, kama ile ya Machi 2012, hauna fungu lililopitishwa na Bunge kwa miezi iliyobaki. Sekretarieti inaanza kazi kwenye chumba cha kuazima kwa mkuu wa wilaya, kwa fedha za kuombwa. Maombi yaelekezwe ili tangazo liendane na Julai, na kabla ya hapo mpango wa jengo la ofisi, nyumba za viongozi na wakuu wa seksheni, magari na matumizi mengineyo uwe umeingia kwenye makisio.

Makao makuu ndiyo huwasha ugomvi, kwa sababu ardhi yake hupanda bei siku jina likitajwa. Halmashauri ipime eneo la ofisi za Serikali mapema, ifanye uthamini na ilipe fidia kabla azimio halijatoka nje ya ukumbi. Uthamini ulioidhinishwa una uhai wa miaka 2, na fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6 inadai riba. Mwananchi aliyeambiwa asiendeleze shamba lake kisha akaachwa bila malipo hana tofauti na aliyenyang'anywa. Aidha, maji ya mji huo yakaguliwe: chanzo kinatoa lita ngapi kwa siku kiangazi, na mahitaji yatakuwa kiasi gani ofisi na taasisi zikihamia.

Wanaobaki husahaulika kabisa. Iringa, baada ya kuondoka Njombe, Makete na Ludewa, ilibaki na wilaya za Iringa, Kilolo na Mufindi. Njombe wenyewe, kwa sensa ya 2022, una watu 889,946, mdogo kuliko mikoa yote ya Bara kwa idadi ya watu. Pengine ulistahili, kwa milima ile na umbali ule. Hoja yetu ni kwamba jedwali liwe la mikoa miwili, wa zamani na mpya, safu kwa safu: watu, eneo, hospitali, watumishi, barabara za lami. Madiwani wa upande unaobaki nao wapewe muda wa kusoma na kura ya haki, maana nao mkoa wao unabadilika.

Zipo nchi ambako uamuzi huu hupigiwa kura na wananchi wote. Huko Ufilipino, sheria ya kuugawa mkoa wa Palawan kuwa mikoa 3 ilitiwa saini Aprili 2019, na mkoa usingegawanywa mpaka wakazi waridhie. Machi 13, 2021 wakapiga kura. Waliokataa walikuwa 172,304, waliokubali 122,223, na Palawan ikabaki moja ingawa sheria ilikwishapita. Kongo ilifanya kinyume: mwaka 2015 majimbo 11 yakawa 26 bila wakazi wa kila jimbo kupiga kura yao, Katanga ikakatwa vipande 4. Sheria yetu haina kura ya maoni ya namna ya Palawan, na hilo linaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa mahali pekee ambapo mwananchi wa kawaida anaulizwa. Ndiyo sababu tunaung'ang'ania.

Barazani, kura isipigwe kwa hoja moja iliyofungwa pamoja. Ziwe hoja tatu, kila moja ipigiwe kura yake: kugawa au kutogawa; mipaka; makao makuu pamoja na jina. Anayetaka mgawanyo lakini hakubali mji uliopendekezwa apate namna ya kusema hivyo, vinginevyo ataikataa hoja nzima au ataikubali huku amekunja uso, na ugomvi utahamia kwenye ngazi ya mkoa. Kura ipigwe kwa kuitwa majina na iandikwe hivyohivyo, ili wananchi wa kila kata wajue diwani wao alisimama wapi. Makabrasha yagawiwe wiki mbili kabla, diwani apate kurudi kwa watu wake nayo. Jina nalo lifikiriwe kwa utulivu. Hadi leo Uwanja wa Ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya, na wageni wanaokwenda Mkoa wa Songwe hulazimika kueleweshwa.

Jibu la Serikali bungeni kwa miaka ya karibuni limekuwa lilelile: nguvu zinaelekezwa kukamilisha miundombinu ya maeneo ya utawala yaliyopo kabla ya kuanzisha mapya. Halmashauri zilizokwisha kupiga kura zisikae zikisubiri. Yapo mambo yasiyohitaji mkoa mpya. Jeshi la Polisi lina mikoa ya kipolisi isiyofuata mipaka ya kiutawala, kama Tarime na Rorya ndani ya Mara, na Rufiji ndani ya Pwani. TRA ina mkoa wa kikodi wa Kahama ndani ya Shinyanga. Baraza linaweza kuandika azimio mwaka huuhuu kuomba ofisi ya namna hiyo ya polisi, ya kodi, ya ardhi au ya Uhamiaji, likiambatisha lilelile jedwali la umbali na nauli. Orodha ya huduma tatu ambazo wananchi wanazifuata mbali zaidi ipatikane kwa kuwauliza watendaji wa kata, na barua ziende kwa taasisi husika, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kabla makisio ya Julai hayajafungwa.

Maofisa mipango na ardhi wastaafu,
Dodoma